Gurudumu la Nyuma, la Kushoto

Gari liko mezani tangu Januari,
tumbo wazi, nyaya nje,
mgonjwa ambaye daktari wake
katoka kidogo kunywa chai.

Ni la mwaka themanini na saba.
Baba alilinunua kwa vocha
katika lile duka la vitu vya ng'ambo,
tukala viazi mwezi mzima, hakuna aliyenuna.
Bodi ilikuwa nyekundu, sasa ina rangi ya ufizi.
Mimi na Lubor tulilikimbiza nyuma ya mgodi,
juu ya kilima cha masalia ya makaa,
hapa Ostrava, pale ambapo theluji haikai
kwa kuwa chini, ndani kabisa, bado kunaungua.
Betri ilidumu dakika nane.
Kuichaji, usiku kucha.
Dakika nane! Tulirudi weusi hadi kwenye kope,
tumeshiba.

Sasa sikosi kitu.
Ndani ya boksi la viatu:
mota isiyo na brashi, betri ya lithiamu,
mafuta ya shokomzoba, rimoti isiyo na antena ya kuchoma watu macho,
beringi kumi na moja za kuziondoa bushi za plastiki.
Nilivinunua usiku, baada ya zamu,
kidole kikibonyeza kama kinachojikuna.
Vikaja. Nikatia saini.
Nikafunika boksi.

Kazi yangu ni simu.
"Huduma ya dharura, niambie uko wapi."
Saa kumi na mbili, na nusu ya kukabidhi.
Mzee ananitajia nyumba
iliyobomolewa zamani, ananitajia hata rangi ya mlango.
Mwanamke haniambii mtaa, ananiambia
supu iko jikoni, supu itaungua.
Na wale wa kuhesabiwa: weka viganja katikati ya kifua,
bonyeza, twende pamoja,
moja, mbili, tatu, nne,
usiache, moja, mbili,
mpaka nisikie buti za wenzangu sebuleni kwao
na laini ikatike.
Mwisho wake sielezwi.

Nikifika nyumbani mikono ninayo,
mwenye mikono ndiye hajafika.
Nashika bisibisi. Naiweka.
Kveta anauliza, "Si ulikuwa unalipenda?"
"Nalipenda," nasema,
kama mtu anayemtajia polisi jina lake.

Wanasema mchezo hufukuza mawazo.
Hawasemi kwamba mawazo nayo yana viwiko.
Hamu ni betri: ukiiacha tupu muda mrefu
chaja haiitambui tena,
inawaka taa nyekundu, inakaa kimya,
na wewe unasimama hapo na waya mkononi
ukidhani umekosea tundu.

Lubor akapiga kutoka Plzen.
"Litie ile mota kubwa, ndugu, ufurahi!"
"Itasaga gia," nikamwambia.
"Plastiki ya karibu miaka arobaini
haibebi nguvu yote kwa mpigo."
Kisha nikanyamaza.
Na yeye, ambaye hanyamazi, akanyamaza.

Jumapili, bila kupanga,
nikiwa na soksi moja,
nikafungua gurudumu la nyuma, la kushoto.
Bushi ilikuwa imelika, tundu limekuwa yai.
Ndani, vumbi. Jeusi. Laini.
Sikulipuliza. Nilililamba kidoleni,
sijui kwa nini, nisiulizwe.
Nikasukuma beringi kwa dole gumba:
tik.
Nikalizungusha.

Moja, mbili, tatu, nne,
nilikuwa nahesabu kwa sauti, kama kazini,
kumi na tisa, ishirini,
na hakuna aliyekuwa amelala chini ya hesabu ile,
thelathini, thelathini na moja,
likasimama lenyewe, taratibu,
kwa kuwa limetosheka kuzunguka.

Kveta mlangoni: "Umemaliza?"
"Moja."
"Moja nini?"
Nikalizungusha tena asikie.
Akasogeza boksi la viatu, akakaa.
Yale matatu bado yanakwaruza.